Boksi Unalolipenda Huenda Ndilo Linaloharibu

Ukurasa wa Maswali na Majibu wa toleo hili ni wa wapenda masanduku. Tuliomba barua kuhusu utunzaji wa vitu vya kumbukumbu tukitarajia maswali ya picha na nguo, lakini karibu kila barua ilikuja na boksi, mkebe au kasha lake. Tumechagua tisa. Waandishi tumewataja kwa lakabu walizojipa wenyewe.

SWALI: Nina boksi la viatu lenye barua za marehemu mama, kama themanini hivi. Kingo zake zimeanza kuwa na rangi ya kahawia, na zile za chini zinakatika nikizikunjua. Boksi lenyewe sitaki kulitupa, maana mama aliandika jina langu juu ya kifuniko kwa mkono wake. Nifanyeje? (Kitinda Mimba)

JIBU: Usilitupe, lipumzishe tu. Boksi hilo ni kumbukumbu kamili, sawa na barua zilizomo. Kosa ni kulifanya pia kuwa ghala. Kadibodi ya viatu hutengenezwa kwa nyuzi duni za mti au karatasi zilizosagwa upya, na mara nyingi ndani yake hubaki lignini, kile kitu kigumu kinachoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikipigwa na hewa, joto na mwanga huzaa tindikali. Tindikali nayo haikai ilipozaliwa. Huhamia kwenye karatasi iliyogusana nayo na kuzikata nyuzi zake vipandevipande, ndiyo maana barua za chini na zinazogusa kuta zimetangulia kuharibika.

Ukitaka uhakika, ipo kalamu ya kupimia tindikali. Chora mstari mfupi ndani ya boksi: ukigeuka zambarau kadibodi ni salama, ukigeuka njano ina tindikali. Usiijaribu kwenye barua, kwa kuwa alama yake haifutiki.

Tafuta boksi bapa la kuhifadhia nyaraka lililoandikwa kuwa halina tindikali wala lignini, pH 7 au zaidi. Mengi huongezewa kalisi kaboneti ili imeze tindikali itakayozalika baadaye, na kwa barua za kawaida hilo ni jambo jema. Vipimo vya ndani visipungue sentimita 31 kwa 23, ili karatasi ya A4 ilale bila kukunjwa. Kina cha sentimita 5 hadi 8 kinatosha. Kikizidi hapo utashawishika kurundika, na za chini zitabeba uzito wa wenzao.

Nawa mikono, uikaushe kabisa. Kwa karatasi dhaifu mikono mitupu iliyo safi ni bora kuliko glavu za pamba, kwa sababu glavu huua hisia za vidole na nyuzi zake hunasa kwenye ukingo uliochanika. Toa pini, klipu na mipira ya kufungia. Klipu iliyoganda kwa kutu usiivute: penyeza kipande cha plastiki nyembamba kati yake na karatasi, halafu inua mguu wa klipu polepole. Selotepu kuukuu iache ilivyo. Ukiing'oa itaondoka na maandishi.

Kila barua ikunjue, uiweke ndani ya jalada la karatasi isiyo na tindikali, bahasha yake ikiwa nyuma. Barua kumi kwa jalada moja zinatosha. Inayogoma kulala iweke kati ya karatasi mbili za kunyonya, juu yake kitabu cha kilo mbili au tatu, kwa siku nne au tano. Pasi ni marufuku. Zilizokatika kwenye mikunjo ziingie katika mifuko ya plastiki angavu ya poliesta iliyo wazi upande mmoja au miwili. Hapo utaisoma barua bila kuigusa. Ila barua iliyoandikwa kwa penseli usiitie humo, maana umeme tuli wa plastiki hunyanyua unga wa penseli. Na kama kuna kipande cha gazeti kati ya barua, kitenge leo hii. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi kuliko zote, na mara nyingi doa la mstatili linaloonekana katikati ya barua ni kivuli chake.

Boksi la mama sasa. Lipanguse kwa brashi laini, jaza ndani karatasi laini isiyo na tindikali iliyofinyangwa ili kuta zisibonyee, ulikalishe juu ya hilo jipya. Ndani yake unaweza kutia nakala za barua tatu au nne unazozipenda. Hizo zikunje na kuzikunjua upendavyo. Za asili zihurumie, kwa kuwa kila mkunjo unapofunguliwa nyuzi kadhaa hukatika.

SWALI: Mkebe wa bati wenye picha nzuri za kuchapwa umeanza kutu pembeni na ndani ya kifuniko. Humo naweka medali na vifungo. Je, niuloweke kwenye siki? (Mzee wa Mikebe)

JIBU: Hasha. Siki itakula kutu, kisha itaendelea na rangi. Picha za mkebe zimechapwa kwa tabaka jembamba sana juu ya bati, na ikishaingia chini ya rangi zitabanduka kama magamba.

Nje, tumia kijiti chenye pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji, ujaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini au karibu na mshono. Pamba ikibeba rangi, acha. Ikibeba uchafu tu, endelea sentimita chache kwa wakati mmoja na ukaushe papo hapo. Ndani, kwenye chuma kitupu, kutu isuguliwe kwa sufu ya chuma laini kabisa ya namba 0000, ikiwa kavu. Vumbi lake lifyonze, usilipulize. Kisha paka nta laini ya kuhifadhia metali, tabaka jembamba, uiache dakika kumi na tano na kuisugua kwa kitambaa. Mahali palipokwanguka hadi chuma ndipo pa kupaka zaidi. Bati ni chuma kilichovishwa stani nyembamba mno, na mkwaruzo mmoja unatosha kukifikia chuma.

Kutu ya ndani ya kifuniko inaeleza mengi. Mkebe ulifungwa ukiwa na hewa yenye unyevu. Usiku bati likapoa kabla ya vilivyomo, na unyevu ukageuka matone upande wa juu. Mfuniko unaobana hautazuia hilo, tena unaufungia unyevu ndani. Weka silika jeli: kwa mkebe wa lita 10, gramu 100 ni mwanzo mzuri. Chagua ile inayobadilika kutoka rangi ya chungwa kwenda kijani, uikwepe ya buluu inayogeuka waridi, kwa kuwa rangi yake hutokana na kobalti, ambayo ni sumu. Ikishabadilika imwage kwenye sinia la chuma, iingie kwenye joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, itarudi kazini.

Na medali zisikae rundo moja. Kila moja na mfuko wake, maana metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja huila nyingine.

SWALI: Kasha la mbao nililorithi linanuka uvundo. Nimelitia naftalini nyingi, sasa linanuka yote mawili. Nataka kuhifadhi humo nguo za harusi na nguo za mtoto wangu alipozaliwa. (Mrithi)

JIBU: Ondoa naftalini kwanza. Mvuke wake una madhara kwa anayeuvuta, hulainisha plastiki za vifungo, na ukichanganywa na zile tembe nyingine za kufukuza nondo huweza kuyeyuka na kuacha madoa. Liko jambo zito zaidi: nguo zilizokaa na naftalini, akivishwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, zinaweza kuzivunja chembe zake nyekundu za damu. Ikiwa nguo hizo zitamvika mtoto mwingine siku moja, naftalini isizikaribie kabisa.

Uvundo wenyewe huondoka kwa hewa na subira. Kifuniko wazi, kasha kivulini penye upepo, siku tatu za ukavu. Fyonza vumbi kwa mashine yenye brashi, hasa kwenye pembe ambako mbao zimeumana kwa meno. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kikakaribia kukauka, acha siku nyingine mbili. Kisha weka ndani bakuli pana lenye gramu 200 za mkaa ulioamilishwa, ule maalum wa kufyonza harufu, funga kwa wiki mbili. Usilipake mafuta ndani. Mafuta ya kung'arisha samani hayakauki vizuri penye hewa iliyofungwa. Huchacha, yakawa gundi, na harufu yake hairudi nyuma. Vanishi ya mafuta nayo hutoa mvuke kwa wiki nyingi. Ikibidi kuziba mbao, paka shelaki inayoyeyushwa kwa spiriti, matabaka mawili mepesi, kisha kasha likae wazi wiki mbili.

Usidanganywe na usemi kwamba mbao yenye harufu nzuri ni salama kwa kila kitu. Mseda humsumbua nondo kwa muda, lakini utomvu wake hutia doa, na mbao nyingi, mwaloni ukiongoza, hutoa asidi ya asetiki inayodhuru metali ya risasi na karatasi. Kitambaa kisiguse mbao. Tandika karatasi isiyo na tindikali chini na ubavuni. Kwa hariri na sufu tumia ile isiyoongezewa kalisi kaboneti. Kwa pamba na kitani yoyote kati ya hizo mbili inafaa.

Nguo zifuliwe na kusuuzwa sana kabla ya kuhifadhiwa, bila wanga. Madoa ya maziwa na jasho ambayo leo hayaonekani ndiyo yatakayokuwa ya njano baada ya miaka kumi. Isitoshe, kiwavi wa nondo hula sufu, hariri, manyoya na nywele, na huvutwa zaidi na mahali palipoguswa na jasho. Katika kila mkunjo weka karatasi laini iliyoviringishwa iwe kama soseji nene, ili mkunjo usiwe ukingo mkali. Mara moja kwa mwaka zikunje upya, mikunjo ikae pengine.

Angalia pia komeo la kasha. Baadhi ya makasha ya zamani hujifunga yenyewe kifuniko kinaposhuka, na hayafunguki kutoka ndani. Watoto waliojificha humo wamekosa hewa na kufa. Fungua skrubu za komeo hilo ulitoe kabisa, hata kama nyumbani hakuna mtoto. Wageni huja na watoto.

SWALI: Picha zilizokaa kwenye boksi zimegandana baada ya kuingiwa na maji. Ni fungu la kama arobaini, sasa gumu kama tofali. (Aliyechelewa)

JIBU: Hujachelewa kabisa, mradi ujue ni picha za aina gani. Picha za kuchapwa maabara zina tabaka la jelatini juu, na jelatini iliyonata inaweza kulegezwa kwa maji. Picha za printa ya wino usizitie majini kamwe, wino utaelea. Za papo hapo, zile zenye ukingo mweupe mpana chini, pia zisilowekwe. Na fungu lenye ukungu usiliguse kwa maji hata kidogo, kwa sababu kuvu hula jelatini ikawa laini ya kuyeyuka, na picha nzima itaondoka kama uji. Hilo mpelekee mhifadhi wa kumbukumbu.

Kabla ya lolote, piga picha kila unachokiona juu na pembeni, na tafuta hasi, yaani filamu ambazo picha zilichapwa kutoka kwazo. Hasi zikipatikana huna haja ya kuhangaika na tofali.

Kama ni za maabara na hazina ukungu, jaza sinia maji safi ya baridi ya kawaida, nyuzi 20 hivi. Maji ya moto huyeyusha jelatini, na haraka ya kuyapasha ndiyo inayoangamiza picha nyingi. Anza na picha mbili zisizo na thamani kwako. Ziloweke dakika ishirini, kisha zitikise zikiwa bado majini. Picha hutelezeshwa kwa ubavu, haibanduliwi kwa kuinua pembe. Zikikataa, dakika kumi nyingine. Badilisha maji yakichafuka. Iliyotoka suuza, iweke uso juu kwenye karatasi ya kunyonya, au ining'inize kwa kibanio cha plastiki kwenye ukingo mweupe. Usiifunike uso kwa kitambaa, usiianike juani. Itajikunja ikikauka, ikishakauka kabisa ndipo uiweke chini ya kitabu.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu ina sheria nyingine: usiitoe. Ipitishe kwenye skana ikiwa na kioo chake.

Kwa wengine wanaosoma haya picha zao zikiwa bado zinachuruzika: zitenganishe leo, zikiwa mbichi. Mkishindwa kuzimaliza ndani ya saa 48, zifungeni kwenye mifuko mzigandishe kwenye friza. Barafu itawapa muda, ukungu hautawapa.

SWALI: Mume wangu ananicheka kwa kuwa ninaweka maboksi matupu. Sina cha kuweka ndani. Nayapenda tu, hasa yale yenye kifuniko kinachoshuka polepole kwa hewa. Je, ni ugonjwa? (Mama Maboksi)

JIBU: Kwa barua hii tu, hatuoni ugonjwa, na uko na watu wazito. Msanii Andy Warhol wa Marekani alianza mwaka 1974, wakati wa kuhamisha ofisi, kutia vitu vyake vya kila siku ndani ya maboksi, akayafunga na kuendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 1987. Yako 610 kwa hesabu ya makumbusho yake yaliyopo Pittsburgh, mengi yakiwa ya kadibodi ya kawaida. Tofauti ni kwamba ya kwake yalijaa.

Kifuniko kinachoshuka polepole si bahati: kimekatwa kipana kuliko boksi kwa kiasi kidogo mno kila upande, hewa ikakosa pa kutokea. Unyevu ukiivimbisha kadibodi uchawi huo hufa, kwa hiyo maboksi ya namna hiyo yakae pakavu, kifuniko kikiwa kimefungwa na mgandamizo usiwepo juu yake. Magumu yaingize moja ndani ya jingine kwa nafasi isiyopungua milimita 5, la sivyo yatafyonzana na utachana ukingo ukiyatoa. Ya kufungashia mizigo yakate selotepu kwenye mshono, yalaze bapa, uyasimamishe kama vitabu.

Kuhusu hayo ya mizigo tuko wakali kidogo. Kadibodi ya mawimbi ilisajiliwa Uingereza mwaka 1856 kwa ajili ya bitana ya kofia ndefu, na mwaka 1871 Marekani kwa kufungia chupa. Haijawahi kukusudiwa kukaa. Vishimo vya mawimbi yake ni nyumba za mende, na gundi yake ni chakula chao. Yasikae sakafuni: yainue sentimita 10, yaache mbali na ukuta kwa 5. Kadiria rafu moja. Likija jipya zuri, moja la zamani litoke, na chaguo ni lako, si la mume.

SWALI: Kisanduku cha muziki kimenyamaza. Naambiwa nimekizungusha kupita kiasi. (Mpenda Nyimbo)

JIBU: Lawama hiyo hutolewa ovyo. Springi iliyokazwa hadi mwisho haizuii muziki. Kinachozuia ni mafuta ya zamani yaliyoganda, au uzi wa vumbi ulionasa kwenye feni ndogo inayodhibiti mwendo. Angalia feni kwa kurunzi. Kama inaonekana na uzi upo, utoe kwa kibanio cha nyusi, kisha feni isukumwe kwa brashi laini.

Zaidi ya hapo simama. Usifungue skrubu yoyote springi ikiwa imekazwa. Feni ikitoka kabla ya springi kulegea, silinda itazunguka kwa kasi yote kwa mpigo, na vijino vyake vitayavunja meno ya kitana cha chuma. Meno hayo ndiyo sauti yenyewe. Usinyunyizie mafuta ya kopo pia. Hutambaa hadi kwenye kitana na kukusanya vumbi. Tone dogo la mafuta ya saa, kwa ncha ya sindano, kwenye mhimili wa feni, linatosha. Kikianza kulia, kiache kimalize wimbo kabla ya kukisafirisha, ili kijino chochote kisiwe kimeinua jino njiani.

SWALI: Ufunguo wa bweta la bibi umepotea na ndani kuna kitu kinachogongagonga. (Mdadisi)

JIBU: Bisibisi isiingie kati ya kifuniko na ubao. Ligeuze utazame nyuma: bawaba nyingi za mabweta zina kipini kinachoweza kusukumwa kwa msumari mwembamba, na mengine sakafu yake imeshikwa kwa skrubu chini ya kitambaa. Kama kufuli lina namba iliyogongwa kwenye bamba lake, mpelekee fundi kufuli namba hiyo pamoja na bweta. Makufuli hayo mengi ni mepesi, na fundi hulifungua na kuchonga ufunguo bila kuacha alama. Usilitikise tena.

SWALI: Nataka kumwandalia mwanangu sanduku atakalofungua akifika miaka kumi na minane. Nitie nini, nisitie nini? (Baba Mpya)

JIBU: Tuanze na visivyofaa, maana ndivyo watu hutia kwanza. Betri hazifai, huvuja. Toa hata ile ya saa na ya mwanasesere anayelia. Risiti na kadi zilizochapwa kwa joto, zile za karatasi laini yenye kung'aa, hufifia zikawa nyeupe, kwa hiyo zitoe nakala. Kikuku cha plastiki cha hospitali kinaweza kuwa cha PVC: hutoa majimaji yanayonata, kikae peke yake kwenye bahasha ya karatasi. Viatu vyenye soli ya povu la poliyuretheni hubomoka na kuwa unga hata kama havikuwahi kuvaliwa, kwa sababu unyevu wa hewa huvunja plastiki yenyewe. Vipige picha, utie kamba zake. Maua makavu na chochote cha kuliwa ni mwaliko kwa wadudu.

Nywele ziwe kavu kabisa, zifungwe kwa uzi wa pamba, ziingie kwenye bahasha ya karatasi. Jino lisafishwe na kukaushwa, likae kwenye kichupa chenye pamba. Midoli ya kitambaa na nguo za sufu zigandishwe kwanza kuua mayai ya wadudu: funga kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Ukiutoa usifungue mfuko kabla ya saa 24, ili umande uishie nje ya plastiki.

Sauti na video zisitegemee kifaa kimoja. Kijiti cha kumbukumbu kikikaa miaka kumi na minane bila kuguswa kinaweza kupoteza yaliyomo, na huenda tundu la kukichomeka lisiwepo tena. Weka nakala mbili mahali tofauti, uzihamishe kwenye kifaa kipya kila miaka mitano hivi. Ujumbe muhimu uandike kwa mkono, kwa wino wa rangi ya chembechembe usiofifia, au penseli.

Nyuma ya picha ya karatasi andika kwa penseli ya 2B, picha ikiwa kwenye kitu kigumu, mkono mwepesi. Taja jina kamili, mahali na mwaka. "Mimi na shangazi" haitamsaidia mtu miaka arobaini ijayo. Andika pia orodha ya vilivyomo: nakala moja ndani, nyingine nje ya sanduku. Na pima uzito. Bunda la karatasi 500 za A4 za gramu 80 ni kilo 2.5, sanduku likizidi kilo 10 litaburutwa badala ya kubebwa, na kuburutwa ndiko kunakong'oa sakafu yake.

SWALI: Sanduku dogo la baba bado lina harufu yake. Kila nikilifungua naona imepungua. Inaweza kuzuiwa? (Binti)

JIBU: Kupunguza kasi inawezekana, kuzuia kabisa hapana. Harufu ni chembe halisi zinazotoka kwenye kitu na kukufikia puani. Kila ukifungua, kiasi fulani kinakwenda na hakirudi. Mbao zenyewe hazitakupa muda mrefu, kwa sababu zina vinyweleo na kifuniko hakibani.

Chukua kitambaa kimoja kilichokuwa humo, leso au kipande cha bitana. Lazima kiwe kikavu kabisa, vinginevyo utahifadhi uvundo. Usikifue, usikipige pasi. Kitie kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko cha chuma kinachobana, uliooshwa kwa sabuni isiyo na marashi na kukaushwa kwa siku mbili. Mfuko wa kawaida wa plastiki haufai: harufu hupenya humo taratibu, na plastiki ina yake. Mtungi usiwe mkubwa kuliko kitambaa, ili hewa ya kujazwa iwe chache. Ufunge, uuweke gizani mahali pa baridi, mbali na sabuni na dawa za kusafishia.

Sanduku lenyewe lifungue upendavyo, kwa macho na mikono. Mtungi uache. Ubandikie lebo yenye jina lake na tarehe, na maneno "usifungue", ili mtu wa nyumbani asiione leso kuukuu ndani yake akaenda kuifua.